Namna ya kusoma picha za zamani za Shinto na kuziandikia maelezo

Bahasha ya kaki niliyoikuta katika kabati la maktaba ya shule moja ya sekondari hapa Mwanza ilikuwa imeachwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, na ndani yake mlikuwa na postikadi 29 pamoja na picha mbili kubwa zilizobandikwa kwenye kadibodi. Zote zilihusu Shinto, dini ya jadi ya Wajapani: malango, majengo, makuhani, na watu waliobeba vijumba vya kami, yaani nguvu takatifu zinazoabudiwa, mabegani siku za sherehe. Picha ya kwanza niliyoitoa ilionyesha mnara wa paa tano zilizopandana katikati ya miti mirefu, nami bila kusita nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino, "Hekalu la Wabuddha". Nilikosea mara mbili. Mnara ule umo katika eneo la Toshogu, mahali pa ibada ya Shinto huko Nikko, na wino wangu ulipenya karatasi hadi leo unaonekana upande wa mbele kama doa la buluu katika anga. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mtunza kumbukumbu wa parokia atakayekutana na picha kama hizo, ili asipitie njia niliyoipitia.

Tuanze na neno. Msomaji wa kando ya ziwa letu akisikia "Jinja" atakumbuka mji wa Uganda ambako mto Nile hutoka ziwani, lakini majina hayo yamefanana kwa bahati tu. Kwa Kijapani, jinja ni mahali panapoaminiwa kuwa makao ya kami, na kami ni neno pana kuliko "mungu": linaweza kuwa nguvu iliyomo katika mlima, mti mkongwe au maporomoko ya maji, babu wa ukoo, au hata mtawala aliyefariki. Mahali pa ibada pa Wabuddha panaitwa tera. Nashauri neno jinja litumiwe hivyohivyo katika maelezo ya Kiswahili, kwa sababu tukiita vyote viwili "hekalu", tofauti ambayo picha inaionyesha waziwazi tutakuwa tumeifuta kwa kalamu yetu wenyewe.

Kabla ya kuigusa picha

Osha mikono na uikaushe kabisa. Fanya kazi mchana, kando ya dirisha, mahali ambapo jua haliipigi picha moja kwa moja. Hapa kwetu sababu ya kukwepa usiku si mwanga tu: majira ambayo wadudu wadogo wa ziwani hupanda angani kama moshi, ukiwasha taa jioni na dirisha likiwa wazi, baada ya dakika chache meza imefunikwa nao, na mdudu mmoja akipondwa juu ya karatasi ya miaka 130 huacha alama isiyotoka. Unyevu wa ziwani nao hukunja karatasi na kuzalisha ukungu, kwa hiyo picha zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, bali katika bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Kisha piga nakala mbele na nyuma kwa simu au skana, bila kuwasha mwanga wa kamera, na kazi yote ya kukuza na kuchunguza uifanye kwenye nakala. Kioo cha kukuzia bado kina kazi yake, kwa maana kuna mambo ambayo skrini haiyaonyeshi, hasa mahali rangi ilipopakwa kwa mkono.

Je, ni jinja au ni tera?

Alama ya kwanza ni lango linaloitwa torii: nguzo mbili, boriti ya juu inayozivuka, na boriti ya pili chini yake kidogo. Lango hilo halina mlango, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha kwamba mtu anavuka kutoka mahali pa kawaida kuingia mahali patakatifu. Tazama boriti ya juu kwa makini. Ikiwa imenyooka, unatazama mtindo wa shinmei, unaohusishwa na Ise, jinja kuu ya Shinto. Ikiwa ncha zake zimepinda kwenda juu, ni mtindo wa myojin, ulioenea zaidi nchini. Lango maarufu lililosimama majini huko Itsukushima lina nguzo ndogo za kuegemeza kila upande, na hilo linaloonekana leo, lenye kimo cha takriban mita 16, lilijengwa mwaka 1875. Ukiliona katika picha, una uhakika kwamba picha haikupigwa kabla ya mwaka huo.

Baada ya lango, tafuta kamba. Shimenawa ni kamba iliyosokotwa kwa majani ya mpunga, mara nyingi ikiwa na vipande vya karatasi nyeupe vilivyokunjwa mithili ya radi, na hufungwa mahali au kitu kilichotengwa kwa ajili ya kami. Mfano ambao mtu wa Mwanza ataupenda ni postikadi za Meoto Iwa, miamba miwili iliyosimama baharini huko Futami, karibu na Ise. Mtu aliyezoea kuutazama Mwamba wa Bismarck kila anapopita kando ya ziwa anaweza kudhani kwamba picha ile ni ya mandhari tu, mawe na mawimbi. Sogeza kioo. Mwamba mkubwa na mwamba mdogo vimeunganishwa kwa kamba nzito, kwa kuwa vinahesabiwa kuwa mume na mke, na juu ya ule mkubwa kuna torii ndogo sana ambayo jicho tupu hulipita. Kamba hiyo hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo upya au uchakavu wake hauwezi kukusaidia kukadiria tarehe.

Alama nyingine ni jozi ya wanyama wa mawe wanaolinda njia, wanaoitwa komainu, mmoja amefungua kinywa na mwenziwe amefumba. Mahali pa wanyama hao wakiwa mbweha, hiyo ni jinja ya Inari, kami wa mpunga na riziki. Kuna pia banda dogo la maji ambamo waumini huosha mikono na kusukutua kabla ya kusali, na juu ya paa za baadhi ya majengo, hasa ya mtindo wa kale, kuna mihimili miwili inayopishana kama pembe.

Hata hivyo, alama hizi zote zina mtego, na ndio ulioninasa mimi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 Shinto na Ubuddha viliishi pamoja, mara nyingi katika uwanja mmoja, na ni mwaka 1868 tu ambapo serikali mpya ya mfalme Meiji iliamuru vitenganishwe. Kengele, sanamu na minara ya Kibuddha iliondolewa katika jinja nyingi, mingine ikavunjwa. Felice Beato, mpiga picha aliyefika Yokohama mwaka 1863, alipiga picha za mnara wa Kibuddha uliokuwa ndani ya uwanja wa Tsurugaoka Hachimangu huko Kamakura. Mnara huo ulibomolewa mwaka 1870, na picha zake zimebaki kuwa shahidi wa hali ambayo leo mgeni haioni. Mnara wa Nikko uliponea, ndiyo maana upo katika jinja hadi sasa. Kwa hiyo usiamue kwa alama moja. Hesabu zote unazoziona, uziandike, na kama zimechanganyika, useme kwamba zimechanganyika, kwa sababu mchanganyiko huo wenyewe unaweza kuwa ndio habari kubwa ya picha.

Watu waliomo

Kuhani wa Shinto hanyoi kichwa kwa ajili ya wadhifa wake. Katika picha rasmi utamwona na kofia nyeusi iliyosimama, vazi pana lenye mikono mirefu, viatu vyeusi vya mbao iliyopakwa laka, na mkononi ameshika kibao chembamba kilichosimama wima, kiitwacho shaku. Katika ibada ya utakaso hushika fimbo yenye vipande vingi vya karatasi nyeupe, ambayo huitikisa kushoto na kulia juu ya watu au vitu. Mtu mwenye kichwa kilichonyolewa na tasbihi ni mtawa wa Kibuddha. Mwenye kikofia kidogo kwenye paji la uso na gamba kubwa la kombe la kupuliza ni yamabushi, mcha Mungu wa milimani, ambaye desturi zake zinachota kutoka pande zote mbili. Mwenye kapu linalofunika kichwa chote na filimbi mkononi ni komuso, naye ni Mbuddha. Katika maelezo ya kale ya wageni wa Ulaya na Marekani watu hawa wote huitwa "kuhani" bila kubagua. Wasichana waliovaa vazi jeupe juu na sketi nyekundu pana chini ni miko, wahudumu wa jinja, na wakiwa katika ngoma takatifu ya kagura aghalabu hushika kishada cha njuga.

Swali gumu zaidi ni kama mtu huyo alikuwa kuhani kweli. Studio za Yokohama ziliwauzia watalii picha za "Wajapani wa aina mbalimbali", na waliopigwa mara nyingi walikuwa watu waliolipwa kuvaa. Kagua sakafu: je, ni mkeka wa studio uliowekwa juu ya mbao, na nyuma kuna pazia lililochorwa miti? Kagua uso: katika ile bahasha yangu, mzee anayeonekana kama kuhani katika picha moja ndiye yuleyule muuza mboga katika nyingine, na nilimtambua kwa kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Picha ya namna hiyo haikosi thamani, kwani vazi linaweza kuwa la kweli, ila maelezo yake hayana budi kusema "mtu aliyevaa mavazi ya kuhani, studio", na kuishia hapo.

Rangi nazo zisikuhadae. Picha nyingi za miaka ya 1870 hadi 1890 zilichapwa kwenye karatasi yenye ute wa yai, kisha mafundi wa Kijapani wakazipaka rangi kwa brashi. Kusakabe Kimbei, aliyekuja kuwa na studio yake mwenyewe, alianza kazi kama mpaka rangi wa Beato. Walikuwa mafundi wa hali ya juu, lakini walipaka mbali na mahali picha ilipopigwa, nao walijua mteja anapenda nini. Torii nyingi ni za mawe au za mbao isiyopakwa kitu, kama zilivyo za Ise. Ukiona torii nyekundu katika picha iliyopakwa rangi kwa mkono, andika kwamba imepakwa nyekundu katika picha, wala usiseme kwamba lango lilikuwa jekundu.

Pia hakikisha kwamba picha haikugeuzwa wakati wa kuchapwa. Kimono ya mtu aliye hai hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti. Ukiona umati mzima umefunga kinyume, basi negativu, yaani bamba la kuchapia picha, ililazwa vibaya. Komainu nao husaidia, kwa kuwa kwa kawaida aliyefungua kinywa huwa kulia kwa mtu anayeielekea jinja.

Jambo la mwisho kuhusu watu ni kutokuwepo kwao. Uwanja mtupu katika picha ya kale hauthibitishi kwamba hapakuwa na waumini, maana kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu wa kupokea mwanga, na mtu aliyekuwa akitembea aliweza kupotea kabisa au kubaki kama ukungu karibu na ngazi.

Kukadiria tarehe

Geuza picha kwanza, kwa sababu mgongo wa postikadi husema kweli kuliko uso wake. Serikali ya Japani iliruhusu postikadi za watu binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 1900. Mgongo usio na mstari wa kutenganisha ujumbe na anwani ni wa kabla ya 1907. Mstari unaotenga theluthi moja kwa ajili ya ujumbe ni wa 1907 hadi 1918. Mstari wa katikati ni wa 1918 na kuendelea. Kisha soma maneno ya juu: yakiwa はかき, bila vile vinukta viwili juu ya herufi ya katikati, kadi ni ya kabla ya 1933, na yakiwa はがき ni ya mwaka huo au baadaye. Maandishi ya mlalo yaliyochapwa kabla ya vita aghalabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo neno 神社, yaani jinja, utalikuta limeandikwa 社神. Herufi 寺 mwishoni mwa jina inakuambia kwamba ni tera.

Kama kuna mwaka wa Kijapani, unaohesabiwa kwa enzi ya mfalme, hesabu ni rahisi. Mwaka wa Meiji (明治) uongezee 1867, wa Taisho (大正) uongezee 1911, wa Showa (昭和) uongezee 1925. Taisho 7 ni 1918.

Baada ya mgongo, ingia ndani ya picha. Riksha zilianza kuonekana mwishoni mwa 1869 na mwanzoni mwa 1870. Kubeba panga hadharani kulipigwa marufuku mwaka 1876, kwa hiyo mtu mwenye panga mbili kiunoni ama alipigwa picha kabla ya hapo au anaigiza katika studio. Majengo yenyewe yana kumbukumbu: Meiji Jingu ya Tokyo ilianzishwa mwaka 1920, ikaungua kwa mabomu mwaka 1945, na majengo yake makuu yakajengwa upya mwaka 1958. Ise ni ya pekee, kwa kuwa majengo yake hujengwa upya katika kiwanja kilicho pembeni kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690. Katika zama za kamera hilo lilifanyika mwaka 1869, 1889, 1909, 1929, kisha likacheleweshwa na vita hadi 1953, likafuata 1973, 1993 na 2013. Mbao nyeupe kabisa na nyasi za paa zisizo na kuvu zinakuleta karibu na mojawapo ya miaka hiyo.

Picha za miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 zinahitaji uangalifu wa pekee. Wakati huo Shinto ilikuwa chini ya dola, na watoto wa shule walipelekwa kuinama mbele ya jinja kama wajibu wa uraia, hali iliyokomeshwa kwa amri ya tarehe 15 Desemba 1945. Zaidi ya hayo, si kila jinja iliyoko kwenye postikadi ilikuwa Japani. Chosen Jingu ilijengwa Seoul mwaka 1925, chini ya ukoloni wa Japani nchini Korea, ikaondolewa baada ya vita. Maelezo yanayoiita "jinja nzuri ya Kijapani" bila kutaja ukoloni yanamdhulumu Mkorea, na sisi ambao mji wetu bado una mwamba wenye jina la chansela wa Ujerumani tunapaswa kulielewa hilo bila kufundishwa.

Kuandika maelezo

Nimewahi kuona picha za zamani za Kanda ya Ziwa ambazo mgeni ameandika chini yake "mchawi", ilhali mzee aliyesimama pale, kwa mavazi na vifaa vyake, ni mfumu, mtu wa kuagua na kutibu. Mzee yule hana tena nafasi ya kujitetea. Kuhani wa Nikko aliyeitwa "mpagani" au "mwabudu sanamu" chini ya picha yake yuko katika hali hiyohiyo, nasi tusimwongezee. Vilevile, Msukuma anayejua heshima wanayopewa masamva, yaani mizimu ya wahenga, ataona mengi katika Shinto yanayomkumbusha nyumbani. Ayaandike hayo katika makala yake, si katika maelezo ya picha, kwa sababu kufanana si kuwa kitu kimoja.

Andika kwa utaratibu huu: kinachoonekana, mahali, wakati pamoja na sababu ya kuukadiria, aina ya picha, mpiga picha, na mwisho maneno ya asili yaliyokuwapo, yakinukuliwa kama yalivyo hata kama ni ya makosa. Jina la mpiga picha usilitaje kwa kufananisha mtindo tu. Studio za Yokohama ziliuziana hazina za negativu, kama Beato alivyomuuzia mpiga picha mwenzake Stillfried mwaka 1877, kwa hiyo picha ya mmoja huweza kutoka katika albamu ya mwingine. Linganisha namba ndogo nyeupe iliyo pembeni mwa picha na nakala zilizoko mtandaoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Nagasaki ina hazina kubwa ya picha za Kijapani za karne ya 19 inayotazamwa bila malipo. Ukitaka kuichapisha picha, fahamu kwamba kwa sheria ya Japani, picha zilizochapishwa kabla ya 1957 zimeshatoka katika ulinzi wa hakimiliki.

Haya hapa ni maelezo ya postikadi ya 14 katika bahasha yangu, niliyoyaandika mara tatu kabla ya kuridhika nayo, kwa penseli laini, pembezoni mwa mgongo wa kadi:

"Ngazi za mawe zinazopanda kwenda jinja ya Tsurugaoka Hachimangu, Kamakura, Japani. Kushoto mwa ngazi, mginko mkubwa. Mti huo ulianguka Machi 2010. Watu wanne kwenye ngazi, mmoja ana mwavuli; hakuna kuhani anayeonekana. Postikadi iliyopakwa rangi kwa mkono. Mstari wa mgongo umetenga theluthi moja, hivyo ni ya 1907 hadi 1918. Mpiga picha hajulikani. Maneno ya asili, kwa Kiingereza na Kijapani, yanataja jina la jinja na mji tu."